Wimbo Uliotolewa Jina

Jioni ile mimi nilikuwa napeleka chakula tu. Ugali wa dona, maharage niliyoyaunga kwa karanga, na majani ya maboga kidogo pembeni. Nimefunga kwenye hotpoti, nikaizungushia kitenge isipoe. Mjukuu wangu Nesta akishika muziki wake hakumbuki kama ana tumbo. Na wenzake wawili ndivyo walivyo, wamekonda kama fito za kujengea.

Siku hizo nilikuwa nimeshuka kutoka kwetu Iyula kuja mji mdogo wa Mpemba kutibiwa magoti, nimefikia kwenye chumba alichopanga Nesta. Kutoka hapo mpaka kwenye godauni lao si mbali. Unafuata barabara kuu, malori yamejipanga upande mmoja yanasubiri zamu ya kuvuka mpaka kuingia Zambia, madereva wamechuchumaa pembeni ya matairi wanapika chai kwenye majiko yao ya mkaa. Ukifika penye mashine ya kusaga, unaingia ndani kidogo. Zamani lilikuwa godauni la mahindi. Mwenyewe panya walimshinda, akawaachia vijana wapigie kelele zao humo, akisema labda panya watahama.

Bendi yao waliiita Ukungu. Kuhusu muziki wenyewe siwezi kueleza vizuri, maana hata wao wakieleza hawaelewani. Osward alikuwa na gitaa na visanduku vya kukanyaga kwa mguu. Akikanyaga hiki, gitaa linalia kama mbwa aliyefungiwa nje. Akikanyaga kile, linakuwa maji. Gibson alikuwa na ngoma na kompyuta. Nesta anaimba. Wanachukua gitaa la Kizambia, lile la harusini, wanalitia ndani ya kwaya ya kanisani, chini wanaweka ngoma ya kwetu ya Kinyiha, halafu juu ya yote wanaleta mlio wa breki za malori waliounasa barabarani. Baa ziliwakataa kwa sababu watu walisimama na bia mkononi wasijue wacheze vipi. Mzee mmoja wa kanisa alisema ule muziki hauna mlango wa kuingilia. Harusini waliitwa mara moja tu. Bibi harusi akalia mpaka wanja ukamfika kidevuni.

Hawakuwa na tajiri wa kuwasimamia wala hawakumtaka. Walisema wakisimamiwa watachaguliwa cha kupiga.

Mimi niliwapenda hivyo hivyo. Kuna wimbo wao mmoja ulinikumbusha Iyula asubuhi, mvua imekatika, mibuni inadondosha matone, na hakuna mtu njiani. Nilimwambia Nesta, huu wimbo unajua upweke. Akacheka, akanikumbatia.

Nesta ndiye mtu niliyebakiwa naye. Nimemlea tangu meno ya kwanza.

Sasa, ili mnifuate, turudi nyuma kidogo.

Wakati wa kuvuna kahawa, vijana hawa walipanda Iyula na vyombo vyao. Gibson akaniwekea maiki mbele ya mdomo, kubwa kama gunzi. Wanataka nyimbo za zamani. Osward, ambaye tangu zamani tunataniana, akasema mke wangu imba taratibu, usinitie aibu mbele ya wageni. Nikamwambia mume gani wewe, suruali yenyewe imekushinda kuishikilia kiunoni. Tukacheka. Nikaimba za kutwangia, nikaimba za kumtoa mwali. Halafu Nesta akaniomba, kwa sauti ndogo, ule niliomwimbia baba yake.

Baba yake ni mwanangu Jonasi. Alikuwa dereva wa lori. Aliishia kwenye barabara za Kongo, wakamzika huko huko. Sikuona hata udongo wa kaburi.

Katika ukoo wa mama yangu, mtu akifia mbali asirudishwe, anahesabiwa kuwa bado yuko njiani. Lazima aitwe. Wanawake mnakwenda njia panda jua likizama, mkubwa wenu anaimba. Maneno yake ni ya lugha yetu, lakini kwa Kiswahili yangekuwa hivi: Rudi fulani, njia ni hii, moto haujazimika. Hapo pa fulani ndipo unapoweka jina. Ukishaita, unageuka kwenda nyumbani. Hutazami nyuma hata usikie nini. Ukifika unafunga mlango kwa komeo, ndipo unaimba kifungio: Aliyeitwa ameingia, wengine nyumba zenu ziko mbele, njia nimeikunja kama mkeka.

Mama yangu alitufundisha akiwa anapepeta ulezi, na sauti yake naisikia mpaka leo. Alikuwa akisema, "Jina ndiyo nyumba ya mtu. Ukimwita kwa jina umempa nyumba. Lakini usiite bila jina, binti yangu. Wasio na nyumba ni wengi, na giza halina mlango."

Basi mbele ya maiki niliimba wimbo mzima, na jina la Jonasi ndani yake, na kifungio mpaka mwisho. Nesta alilia. Mimi sikuogopa kitu. Jonasi nilikwisha kumwita miaka hiyo, akaingia, akapumzika. Wimbo uliofungwa vizuri hauna madhara.

Walichoufanyia wimbo huo baadaye, mimi sikujua.

Turudi kwenye jioni yangu na hotpoti yangu.

Nilipoipita mashine ya kusaga nikasikia mtu anaimba. Nikasimama. Sauti naijua, lakini ya nani?

Ilikuwa yangu.

Kusikia sauti yako inatoka mahali ambapo wewe hupo... ni kama kukutana na nguo zako zinatembea. Nikajipa moyo, nikasema ndiyo kazi yao hiyo.

Halafu nikaona watu.

Walikuwa wamesimama nje ya godauni, wengi, wamenipa mgongo, nyuso zimeelekea ukutani. Wanasikiliza. Furaha niliyoipata! Nikasema moyoni, leo Mungu amewakumbuka wajukuu zangu, wamepata watu. Nikawaamkia kwa heshima. Hakuna aliyeitikia. Nikawaomba wanipishe, mzigo una moto. Wakanipisha.

Miguu yao haikutoa sauti kwenye kokoto.

Nikapita katikati yao. Kulikuwa na harufu ya blanketi lililonyeshewa likakunjwa bichi, na ndani yake harufu ya breki zilizoungua. Mama mmoja alikuwa na kiatu mguu mmoja tu. Kijana mmoja shati lake lilikuwa la mtindo wa zamani, kola ndefu kama masikio ya sungura. Nilijiambia ni abiria, labda basi limewaharibikia.

Ndani, Osward akanipokea hotpoti akisema mke wangu ananipenda, anajificha tu. Nikawaambia mbona hamwakaribishi watu wenu, wamejaa huko nje. Wakatazamana. Osward akaenda mlangoni, akachungulia, akarudi akicheka kwamba nje hakuna hata mbuzi.

Nikachungulia nami juu ya bega lake.

Walikuwepo. Tena walikuwa wamesogea.

Nikaondoka mlangoni. Mzee akisema ameona watu, vijana wanamtafutia miwani.

Nikamwuliza Gibson kuhusu wimbo, maana ulikuwa bado unaendelea kwenye spika, unazunguka, ukifika mwisho unajirudia. Akanieleza kwa furaha, macho yanang'aa, kijana wa watu. Alisema jina la baba yake Nesta amelikata, kwanza kwa sababu kila likifika Nesta anashindwa kuimba. Pili, wimbo wenye jina la mtu mmoja ni wa mtu mmoja. Wao wanataka uwe wa kila mtu. Hapo pa jina ameacha kimya. Alisema kimya hicho ndicho kinachomfurahisha kuliko gitaa lote. Nikamwuliza, na kifungio?

Kifungio amekitoa. Kilikuwa kinausimamisha wimbo, na yeye anataka uzunguke.

Nikauliza umezunguka tangu saa ngapi. Akasema tangu mchana, Bibi, tunautafutia gitaa lake.

Tangu mchana. Sauti yangu imesimama kando ya barabara hiyo inayopita watu wa nchi zote, inaita, haitaji jina, haifungi njia.

Nikamwambia azime. Akasema sawa Bibi, mara hii moja tu, Nesta aingize sauti yake, halafu tule. Nesta alikuwa amekwisha simama mbele ya maiki, macho amefumba, ndivyo afanyavyo akisubiri zamu yake. Osward akaanza gitaa. Sikupata nafasi ya kuwazuia.

"Rudi..." ikaimba sauti yangu.

Kimya.

"...njia ni hii, moto haujazimika."

Ukaja tena.

"Rudi..."

"Clement."

Gibson akainua kichwa. Ilikuwa sauti ya mwanamume, ya chini, kama anayezungumza akiwa na shuka mdomoni. Haikuwa ya Osward.

"...njia ni hii, moto haujazimika."

Pakapita upepo kati yetu, ukatoka mlangoni, upepo wa mtu mwenye haraka.

"Rudi..."

"Ferista." Huyu mwanamke.

"Rudi..."

"Mwansa." Huyo alitamka kama watu wa ng'ambo ya mpaka.

Walikuwa wanajitaja. Kila mmoja analiweka jina lake kwenye lile pengo, taratibu, kama mtu anayetoa kitambulisho pale mpakani. Na kila aliyejitaja, wimbo ukimalizikia moto haujazimika, upepo unapita, anakwenda zake. Gibson alikuwa anatabasamu huku ananong'ona kwamba ni redio za malori zimeingia kwenye nyaya, kitu kama hiki hakuna anayeweza kukitunga. Osward hakutabasamu, lakini mkono wake uliendelea kupiga. Wanamuziki ndivyo walivyo. Nyumba ikiungua watamaliza kwanza ubeti.

Na mimi? Moyo uliingiwa na huruma. Niliwaza akina mama wa watu hawa, kila mmoja kwenye kijiji chake, hajui kama mtoto wake yuko njiani au la. Nikasema moyoni, waacheni waende nyumbani. Huruma ile ndiyo iliyonichelewesha.

Wakaisha. Nilijua wameisha kwa sababu ile harufu ilipungua.

Akabaki mmoja.

"Rudi..."

"Mm..."

"...njia ni hii, moto haujazimika."

Hakuna upepo.

"Rudi..."

"Mm... mm..."

Alikuwa anatafuta. Unajua mtu anavyopapasa mfukoni huku anakutazama, anatabasamu kwa aibu, anajua ufunguo hanao? Ndivyo. Alikuwa amelisahau jina lake. Sijui mtu akae muda gani bila kuitwa, mpaka asahau anaitwaje.

Baridi ikaingia ndani ya godauni kutoka chini, kwenye sakafu, ikapanda magotini.

Sasa Osward kwake zile zilikuwa kelele tu. Yeye alikuwa anasubiri Nesta aingie. Na desturi yao, Nesta akiwa amefumba macho, Osward ndiye humshtua kwa kumwita zamu yake ikifika.

"Rudi..." ikaimba sauti yangu.

"Nesta," akaita Osward.

"...njia ni hii, moto haujazimika."

"Abee."

Sauti ya Nesta.

Mdomo wa Nesta ulikuwa umefungwa.

Ilitoka mlangoni.

Gitaa likakatika. Nesta akafumbua macho, akafungua mdomo mbele ya maiki, na hakikutoka kitu. Osward akamwita tena kama mtu anayejaribu barafu kwa kidole.

"Nesta?"

"Abee," ikaitika kutoka nje. Karibu zaidi.

Gibson akazima mashine. Wimbo ukakoma. Na mngurumo wa malori barabarani, ambao ukiwa Mpemba huachi kuusikia, nao haukuwepo.

Nikamshika Nesta mabega, nikamwita. Akanitazama vile unavyomtazama mtu anayemwita mgeni usiyemjua, ukasubiri huyo mgeni aitike. Nikamwuliza wewe ni nani, mama? Midomo ikacheza. Akatikisa kichwa. Mikono yake ilikuwa inapoa kama chapati iliyotolewa jikoni. Halafu taratibu, bila kunisukuma, akanipita. Akaanza kuelekea mlangoni.

Hapo nikaelewa. Jina limeitika nje, basi mwenye jina yuko nje. Aliyemo ndani hana nyumba. Wanapishana.

Nikawaambia vijana wamshike, wasimwachie hata akilia. Wakamshika. Hakulia. Alikuwa anavuta tu kwenda mbele, kama ng'ombe anayejua njia ya mtoni. Gibson machozi yanamtoka akasema atalirudisha jina la Jonasi mahali pake, atalirudisha sasa hivi. Nikamkatalia. Mwanangu amepumzika, sitamtembeza mara mbili. Akasema basi kifungio, akaanza kukitafuta, kumbe alikifuta.

"Kiache, baba," nikamwambia. "Kifungio kimo mdomoni mwangu."

Lakini kifungio hakimfukuzi aliyekwisha itwa kwa jina. Huyo sheria ya mama yangu ilikuwa upande wake. Ningefunga njia wakati ule, ningemfungia ndani yeye, na Nesta wangu angebaki nje mpaka mwisho wa dunia.

Nikaenda mlangoni peke yangu.

Jua lilikuwa limezama, mbingu upande wa Zambia imebaki na wekundu kidogo. Lile lisilo na jina lilikuwa limesimama pale. Urefu wa Nesta. Mabega ya Nesta. Uso... uso ulikuwa haujashikamana, kama uji ambao bado unachemka.

"Bibi," likanong'ona. "Baridi."

"Mimi si bibi yako."

"Nimeitwa."

"Umeitwa kwa makosa. Jina hilo lina mwenyewe."

Likainamisha kichwa. Pua ikatokea, ikazama tena.

"Mimi sina lingine," likasema.

Sikuwa na hasira nalo, Mungu anisamehe. Hasira unampa mtu anayejua anachokuibia. Lile lilikuwa kama mtoto aliyeokota shuka la mwenzake wakati wa mvua. Na shuka huwezi kumvua mtoto ukamwacha hivyo hivyo, hatakuachia. Lazima umpe jingine.

Jina lipi? Majina yote yana wenyewe. Ya walio hai ni ya walio hai, na ya waliokufa ndiyo nyumba zao.

Ndipo nikalikumbuka langu.

Mimi kijijini ni Mama Jonasi. Kwa vijana ni Bibi. Mume wangu aliyeniita kwa jina langu amelala chini ya mibuni miaka mingi. Wifi zangu wameisha. Wa mwisho aliyekuwa analitaja ni mdogo wangu, Tumaini. Alikuwa akinipigia simu kutoka kijiji cha Ruanda na kuliita kwa kulivuta, kama tulivyokuwa wasichana, na tulimzika masika yaliyopita. Tangu hapo sijalisikia. Limekaa tu, kama chungu kisichopikiwa. Nikajiuliza, chungu kisichopikiwa nakitunzia nani, na mjukuu wangu anapoa?

Nikalisogelea. Ile harufu ya blanketi bichi ikanijaa kooni.

"Nikikupa jina, la huyu utaliacha?"

"La nani?"

"La mtu ambaye haitwi."

Nyuma yangu nilisikia viatu vya Nesta vinakwaruza sakafu, na Osward anahema.

"Nipe," likasema.

Nikafumba macho. Nikaimba kwa sauti ile ile ya njia panda:

"Rudi Tusekile, njia ni hii, moto haujazimika."

"Tusekile," likarudia. Kwanza kwa shida, kama mtoto anayejifunza. Halafu vizuri. Halafu kwa kulivuta, vile alivyokuwa akilivuta mdogo wangu. "Tusekile..."

Upepo ukanipita usoni. Ulikuwa na joto.

Sikufumbua macho. Nikarudi kinyumenyume, nikalisukuma lango la bati, nikaingiza komeo, nikaimba. Aliyeitwa ameingia, wengine nyumba zenu ziko mbele, njia nimeikunja kama mkeka. Nikaimba mpaka mwisho, nikarudia mwisho wenyewe, maana nilitaka kuwa na hakika.

Lori likapiga honi barabarani.

Nyuma yangu mtu akakohoa. Osward akaita Nesta, polepole sana, kama anaogopa jibu litatokea wapi.

"Abee," akasema Nesta. Alikuwa pale pale mikononi mwao. "Mbona mmenishika hivi? Bibi, na wewe mbona unalia, kuna msiba?"

Tulikula ugali umepoa. Gibson aliufuta wimbo mbele ya macho yangu, akafuta na kivuli chake walichokiweka akiba, sijui wanakiitaje, halafu akaitoa kompyuta nje kama mtu anayetoa majivu. Nesta hakukumbuka kitu, isipokuwa alisema aliota yuko kando ya barabara, malori yanapita, na hakuna dereva hata mmoja mwenye uso. Sikumweleza yote. Kuhusu jina sikuwaeleza kabisa. Nilisema nimelipatia jina la marehemu mmoja wa ukoo, wakaridhika. Vijana wanaridhika haraka.

Nilimchunguza mjukuu wangu siku nyingi baada ya hapo. Nilikuwa namwita akiwa anafua, namwita akiwa amelala. Anaitika. Sauti ni yake na macho ni yake. Hilo nashukuru, na ningeulizwa tena ningefanya hivyo hivyo.

Baadaye Ukungu wakapata mwaliko wa kupiga Lusaka, kwa watu wanaopenda muziki usiochezeka. Kumbe wapo. Wakafunga vyombo vyao, wakavuka. Nesta aliniaga akaniambia hatakawia. Wakawapenda huko, wakawaomba wabaki. Ananipigia simu, nasikia gitaa la Osward nyuma yake, nasikia watu wanacheka. Nami nafurahi.

Nikarudi zangu Iyula.

Jioni ya kwanza nimeketi jikoni, ukungu umeshuka mpaka kwenye paa, nikasikia hodi.

Hodi ya taratibu, ya mtu anayefika kwake. Nikauliza nani.

"Tusekile."

Nilikuwa nimeshika mwiko. Sijui niliuweka wapi. Sauti ile ilikuwa yangu. Ya zamani, kabla meno hayajaniondoka, sauti niliyoolewa nayo. Nilikwenda mpaka mlangoni, mkono ukafika kwenye komeo, ukabaki hapo.

Jina ndiyo nyumba ya mtu. Nilimpa jina. Sikuwaza kwamba jina hilo nyumba yake ni hii.

"Mbona mlango wangu umefungwa?" ikauliza, bila ukali.

Nikasikia pumzi upande wa pili wa ubao, karibu na mdomo wangu.

"Huko ndani kuna nani?"

Nikafungua mdomo nimwambie. Mama Jonasi, hilo ni la Jonasi. Bibi, hilo ni la wajukuu. Nikatafuta lililo langu mwenyewe, nikatafuta nyuma kabisa, mpaka kwa mama yangu na ungo wake wa ulezi, namwona anageuka, namwona anafungua mdomo kuniita.

Sikumsikia anachoniita.

Yule wa mlangoni huja karibu kila jioni. Halazimishi. Anapiga hodi, anajitaja, anauliza swali lile lile, halafu anakaa kizingitini mpaka giza likomae. Jirani yangu Anna ananiambia nihamie kwao, anaona nimepungua. Namwambia nitahamia. Mlango sijaufungua.

Ila kuna jioni ukungu unashika mapema, simu ya Nesta haijalia, kuni zinalia peke yake jikoni. Jioni kama hizo nasogeza kigoda changu mpaka karibu na mlango, naegemea ubao, nasubiri.

Duniani hakuna mwingine anayelitaja jina lile. Nami napenda kulisikia.